Ufagio Ndani ya Kompyuta

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Kama umenitii, basi unapoifungua bahasha hii Chalinze imeshapita, Ubena imeshapita, na harufu ya chumvi imekwisha dirishani mwa basi. Kesho nitakapokupa nitakuomba usiisome kabla ya hapo, nawe utacheka na kusema, "Baba na siri zake." Si siri, mama. Ni tahadhari tu. Nakujua. Ukiisoma kituoni utateremsha begi.

Habari yenyewe ni hii: kompyuta imekufa. Imekufa leo, bodaboda yako haijakata hata kona ya kwenda Mlingotini kumuaga bibi yako. Sasa tumekwisha kusali alasiri. Naandika nikiwa mezani kando yake, yenyewe inajitengeneza pole pole, feni yake inavuma kama mtu anayeota, nami sijui kama itapona kabla hujarudi.

Wiki iliyopita ulikuwa umepiga magoti chini ya meza hii ukipanga nyaya, ukasema, "Baba, ikifa tena hii siondoki mpaka niifufue. Sumbawanga haikimbii."

Mama yako akajibu kutoka jikoni, "Sumbawanga haikimbii. Kazi ndiyo yenye miguu."

Mlicheka nyinyi wawili. Mimi nilicheka kidogo tu, maana najua huwa husemi kwa mzaha. Mama yako alipovunjika mguu uliiacha nafasi ya Mtwara. Hatukukuomba, nawe hukutuuliza. Ulifungua begi, ukazirudisha nguo kabatini moja moja, ukaenda kuteka maji. Safari hii barua ya maabara ya maji inasema uripoti Jumatatu, na wanaoitamani nafasi hiyo ni wengi. Ndiyo maana leo mchana mkono wangu ulikwenda kwenye simu, ukarudi. Ukakwenda tena, ukarudi.

Habari za sweta, za dawa ya kifua na za kutokula chakula cha njiani mama yako amekwisha kukwambia, na atazirudia kituoni. Mimi nina mengine, na mengi yake ni makosa yangu. Unayajua kwa juu juu, kwa kuwa yamekuwa vichekesho vya nyumba hii. Lakini ulikuwa mdogo yalipotokea, na kichekesho huwa kinaacha nje sehemu ile isiyochekesha.

Alipoondoka kaka yako Athumani kwenda chuo Mwanza, wewe ulikuwa bado unalala chini ya meza hii hii na kanga ya mama yako. Unaijua mila yetu: msafiri akitoka, nyumba haifagiwi. Mchanga alioukanyaga unaachwa ukumbini mpaka ije habari kwamba amefika. Anayezifagia nyayo amemfagia mwenye nyayo. Hatarudi, au atarudi si yule. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia. Kwangu mimi mchanga ni mchanga, hauna habari na basi la Mwanza. Hata hivyo mama yako aliuficha ufagio nyuma ya mtungi, nami nikamwachia, kwa sababu mtu hawezi kubishana na mama siku mwanawe ameondoka.

Shida ni kwamba nilikosa la kufanya na mikono yangu. Nyumba ilikuwa kimya, na ule mchanga ukumbini ulikuwa unanitazama. Nikaketi kwenye kompyuta, ile ya kwanza, yenye kioo kilichotuna mgongo kama kasa. Nikaanza kufungua folda moja baada ya nyingine bila kutafuta chochote. Ndani kabisa nikakuta mafaili yenye majina ya ajabu, marefu, hayatamkiki, mengi yakiishia kwa herufi dll. Sikuyaandika mimi. Wala si ya mama yako. Nikasema moyoni: takataka hizi.

Darasani, nikimwona mtoto nisiyemfahamu, namuuliza jina lake, na baba yake nani, na ametumwa na nani. Kwa mafaili yale sikuuliza swali hata moja. Niliyafuta, nikalimwaga na pipa la taka, nikahisi raha ile anayoihisi mtu aliyefagia uwanja mpaka mistari ya ufagio ikaonekana.

Nilipoiwasha tena, kikatokea kisanduku kidogo katikati ya kioo: programu haiwezi kufunguka kwa sababu faili fulani halipo. Nikakifunga. Kikaja kingine. Nikakifunga. Kikarudi cha kwanza. Mama yako akaja kusimama nyuma yangu.

"Mwalimu, umefanya nini?"

"Nimepunguza uchafu kidogo tu."

"Umefagia."

"Ufagio sijaugusa, mke wangu. Si umeuficha mwenyewe?"

"Umefagia kwa mlango wa nyuma," akasema, akaenda zake.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye kosa la pili, na hili si la kompyuta peke yake. Nilifanya lile ambalo mtu wa huku kwetu hulifanya kitu kikimwishia jikoni: nilikwenda kwa jirani. Shomari alikuwa na duka lake la kutoa kopi karibu na soko, na kompyuta mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Shomari. Nimekuja kuazima faili moja."

"Moja tu? Kama chumvi?"

"Kama chumvi."

"Basi chukua, wala usirudishe. Ukirudisha utakuwa umenitukana."

Akalinakili kwenye flashi. Jina lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi, nami nikarudi nyumbani nimeishika flashi ile kama mtoto aliyetumwa chumvi. Lakini faili la mfumo si chumvi. Ni kama kifuniko cha sufuria: cha jirani na chako vyote vinaitwa kifuniko, ila sufuria yake si saizi ya sufuria yako. Faili lilitoka kwenye mfumo wa toleo jingine. Juu ya hilo, flashi ilikuwa imepita mikononi mwa nusu ya wanafunzi wa mji huu, ikaja na virusi vyao vyote. Kufika jioni hata vile visanduku vilikuwa havitokei tena. Kioo kilikuwa cheusi.

Shomari, masikini, alikuja mwenyewe. Alifanya kazi yake kwa adabu. Kabla hajaufuta mfumo wote ili auweke upya, aligeuka akaniuliza, "Mwalimu, kuna kitu chako humu?"

Nikafikiria mitihani. Mitihani nilikuwa nayo kwenye karatasi. Nikasema, "Hapana. Futa tu."

Ilirudi ikiwa nyepesi, safi, haina hata alama ya kidole. Tukafurahi. Miezi ikapita. Ikaja Idi, Athumani hakupata ruhusa ya kuja, na baada ya pilau mama yako akajifuta mikono akasema, "Hebu tuwekee Athumani."

Hukuwahi kuisikia sauti ile kwa akili ya kukumbuka. Ilikuwa ni kasida aliyoisoma kwenye maulidi ya kwa bibi yako Mlingotini, sauti yake bado ya kitoto, haijavunjika. Nyuma yake unasikika upepo ukigonga maturubai, na mwanamke mmoja anasema pole pole, "Mashaallah, mtoto wa nani huyu?" Na mama yako anajibu, "Wangu." Ndivyo ilivyokuwa kanda yenyewe. Niliirekodi kwa kimashine cha kuazima, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikakirudisha kimashine kwa mwenyewe.

Nikaitafuta. Nikaitafuta tena katika folda ambazo nilijua hazina kitu. Mama yako akangoja, kisha akauliza, "Haikusema?"

"Nini haikusema?"

"Kwamba hayumo. Lile faili lako lingine lilipokosekana ilikuwa inasema kila dakika."

Zuhura, nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, Miono na hapa mjini, na sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Ni kweli. Faili la mfumo likikosekana, mashine inapiga kelele, inagoma, haikupi amani. Na faili lenyewe linapatikana, maana dunia nzima inalo, watengenezaji wanalo, ukilifuata kwa njia yake unalipata lile lile. Lakini sauti ya mtoto ilipokosekana, mashine iliwaka vizuri kabisa. Ikafungua madirisha yake yote. Haikupungukiwa na kitu.

Mama yako hakunilaumu siku ile wala baada yake. Athumani alirudi, unavyojua, mzima, na sauti nene kama ya babu yake; nyayo zake hazikuwa zimefagiwa. Ila kila mara anaposoma dua hapa ukumbini, mimi nasikiliza chini ya sauti yake kama mtu anayesikiliza maji chini ya mchanga.

Feni imebadilisha mlio. Nimetazama: asilimia ishirini na kitu. Jua limefika kwenye mguu wa meza, na vumbi linacheza ndani ya mwanga pale ulipokuwa unalala.

Nikueleze ilivyokuwa leo. Najua unapenda kuelezwa kwa utaratibu, umelirithi hilo kwangu. Kompyuta ilikuwa inajisasisha. Ilikuwa imeandika kabisa kwamba isizimwe. Umeme ukakatika. Uliporudi, kioo kikaja cheusi na maandishi meupe: mfumo hauwezi kuwaka, faili fulani limeharibika au halipo.

Mama yako alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele wa vitumbua vya safari yako. Hakuinua hata macho.

"Umeiua tena?"

"Umeme umeiua."

"Umeme hauna vidole, Mwalimu."

"Wallahi leo sikugusa kitu."

Hapo ndipo akaniangalia, akaona sifanyi mzaha. Akasema, "Mpigie, arudi aitazame." Kisha akachambua punje mbili tatu. Akasema mwenyewe, "Hapana. Usimpigie."

"Nikimpigia haondoki."

"Najua. Ndiyo nikasema usimpigie."

Kwa hiyo nikaketi. Nilifanya kwanza lile ambalo zamani sikulifanya: sikufanya chochote. Nilisoma ujumbe mpaka mwisho na kuliandika jina la faili kama lilivyo. Nilichomoa flashi zote na kile kichapishi, nikaizima, nikaiacha ipumue, nikaiwasha tena, kwa sababu mara nyingine ni usingizi tu. Haukuwa usingizi.

Kisha nikafungua simu nikakutafuta wewe. Si kwa kukupigia. Unakumbuka mwaka jana, ulipochoka kunieleza kila siku, ukanirekodia maelekezo kwa sauti? Niliweka simu mezani, ukaanza kusema: "Baba, kwanza kabisa, tulia. Pili, usiende mtandaoni kutafuta faili moja moja, huko kuna akina Shomari wengi kuliko wa sokoni, na hao hawana adabu." Mama yako akacheka mpaka mchele ukamwagika. Ukaendelea, nasi tukakufuata.

Ulisema ile flashi ya ukarabati, uliyoitengeneza kompyuta ikiwa nzima, iko kwenye kopo la kahawa. Ilikuwemo. Nikaichomeka, nikaiwasha mashine ianzie kwenye flashi. Ilipouliza kama nataka kuweka mfumo upya nikakataa, nikachagua kukarabati, na ndani yake nikachagua kukarabati uwashaji. Ikafikiri muda mrefu. Ikawaka! Iliwaka kwa kuchechemea, picha za pembeni hazipo, programu ya kuandikia haifunguki, lakini iliwaka. Ukasema tena kutoka mezani: "Ikiwaka, Baba, usishangilie. Iambie ijikague." Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, kwa haki za msimamizi kama ulivyosisitiza, nikaandika sfc, nikaacha nafasi, nikaweka mkwaju, ule mstari ulioinama, nikaandika scannow. Hapo ndipo ilipo sasa. Inapita faili kwa faili, kila moja inaliuliza jina lake na limetumwa na nani. Lililoharibika inalirudisha kutoka kwenye akiba yake yenyewe, si kwa jirani. Ikishindwa, umesema ipo amri nyingine ya kwenda kuchota akiba mpya kwa mtengenezaji. Na kama siku nyingine programu moja tu italalamika, nianze kwenye pipa la taka, pengine faili limo, kisha niiweke upya programu hiyo peke yake. Unaona, nimeelewa. Nakuandikia ili ujue nimeelewa.

Kazi niliyoifanya leo kwa saa nzima ingekuchukua wewe muda wa kuchemsha chai. Lakini nimeifanya. Na nilipokuwa naifanya nilisikia kitu ambacho sikukitarajia: sauti yako ilikuwa humu ndani, inatutania, na wewe ulikuwa Mlingotini umeketi na bibi yako kando ya mwani ulioanikwa. Ulikuwepo na hukuwepo. Nilidhani itaniuma. Ilikuwa kama ndoto ile unayoamka nayo mkononi.

Rekodi yako ilipokwisha, mama yako akauliza, "Hiyo umeihifadhi?"

"Ipo kwenye simu, ipo kwenye kompyuta, na ipo kwenye ile diski ya nje."

"Diski iko wapi?"

"Ndani ya sanduku la kanga zako."

"Ah," akasema. "Hapo sawa." Unajua sanduku lile hata wezi wangeomba ruhusa.

Sasa niseme lile lililonifanya nishike kalamu, maana uzi wa jua umeshapanda ukutani, nawe utarudi muda si mrefu.

Huko unakokwenda utakuwa mtu anayetengeneza mambo, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Wenye kelele watakuja mlangoni kwako kwanza, kama vile visanduku, watakwambia hakiendi kitu bila wewe. Wasaidie. Ila ujue mara nyingi wanachokikosa kinapatikana mahali pengine pia. Sisi tuliokosa kitu kisichopatikana pengine huenda tusitoe mlio wowote. Kesho kutwa nyumba hii itawaka kama kawaida. Chai itachemka, nitaandaa maswali ya watoto wa shule, mama yako atagombana na kuku wa jirani. Mtu akipita njiani ataona nyumba nzima kabisa, haina kisanduku. Usidanganyike ukadhani hakuna kisichokuwepo. Na usirudi kwa sababu hiyo. Piga simu tu. Tuzungumzie hata mvua.

Nami, kila nikitaka kusema "hapana, futa tu," kwa jambo lolote, nitajiuliza kwanza lile swali la Shomari.

Asilimia mia. Imeandika kwamba imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyatengeneza. Nimeizima, nimeiwasha. Imewaka bila kuchechemea. Kwenye kioo yamekuja majina mawili ya kuingilia, la kwanza langu, la pili Zuhura. Pembeni imenishauri niondoe yasiyotumika ili nipate nafasi. Nimeufunga ushauri wake.

Nasikia bodaboda. Sasa unasema "hodi" kwa ile sauti yako ya kuimba, na mama yako anakujibu "karibu" kana kwamba hapakuwa na kitu. Utaniuliza, "Kompyuta vipi, Baba?" Nitasema, "Iko hapo, inawaka." Nao utakuwa ukweli.

Kesho utatoka alfajiri, na miguu yako itakuwa na mchanga wa uwani, kwa sababu hukumbuki kamwe kuikung'uta. Mama yako ameshauweka ufagio nyuma ya mtungi, nimemwona. Nami nimeahidi kutoigusa kompyuta. Tutapita kando kando ya ukumbi, tukikwepa pale ulipokanyaga, mpaka utakapopiga useme umefika. Ukichelewa kupiga, wageni watatuona wachafu. Hatujali.

Mungu akufikishe salama, mama.

Baba yako,
anayekungoja na mchanga wako.